Nani acheze Binyavanga? Uigizaji, ushoga na swali tunaloliuliza vibaya

TUSEME kesho asubuhi unafungua simu na kukutana na tangazo: kuna watu wanatafuta kijana wa kuigiza maisha ya mwandishi Binyavanga Wainaina. Malipo ni mazuri, chakula na malazi ni juu yao, kazi ni ya miezi mitatu. Wewe unajua kuigiza, kila mtu mtaani amekuambia hivyo tangu ukiwa shule. Utatuma video yako, ama utasukuma skrini uende kwa tangazo linalofuata?

Tangazo nimelibuni, lakini mtu mwenyewe si wa kubuni. Binyavanga alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani?. Januari 2014, siku aliyotimiza miaka 43, aliandika wazi kwamba yeye ni shoga. Alifariki Mei 21, 2019 akiwa na miaka 48. Huwezi kutengeneza filamu ya maisha yake ukaruka jambo hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kuliruka.

Kwa hivyo nani acheze? Lazima awe mtu aliye kama Binyavanga, ama mwigizaji yeyote mzuri anatosha?

Huko Marekani na Uingereza watu wamelumbana kuhusu swali hili kwa miaka. Kwetu linafika likiwa kichwa chini, miguu juu. Mimi nakuandikia nikiwa Malili, hapa barabara ya Mombasa ambapo matrela hupumzika na jiji la Konza linajengwa pembeni. Hatuna ukumbi wa sinema. Filamu tunaziona kwa simu, ama kwa kibanda cha video DJ Afro akitusimulia kila ngumi. Lakini vijana wanaotaka kuigiza tunao, na swali hili linawahusu kuliko unavyofikiria.

KILIO CHA HUKO NJE

Tuanze na mtu wa nyumbani. Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka kisiwani mwaka 1964 baada ya Mapinduzi na kuhamia Uingereza. Alikuwa na mahusiano na wanawake na pia wanaume, na alifariki Novemba 1991 kutokana na maradhi yaliyoletwa na Ukimwi.

Mwaka 2018 ikatoka filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody. Aliyemwigiza ni Rami Malek, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Misri. Malek akashinda Oscar ya mwigizaji bora Februari 2019. Usiku ule kwenye jukwaa alimshukuru mpenzi wake, Lucy Boynton, mwanamke waliyeigiza naye katika filamu hiyo hiyo.

Hakuwa wa kwanza. Tom Hanks alipata Oscar yake kwa Philadelphia, filamu ya 1993, akiwa wakili shoga anayeugua Ukimwi. Sean Penn alipata yake kwa Milk ya 2008, akiigiza Harvey Milk, mwanasiasa wa San Francisco aliyeuawa mwaka 1978. Benedict Cumberbatch aliteuliwa kwa The Imitation Game ya 2014 akiwa Alan Turing. Huyu Turing wewe wa Konza unapaswa kumjua. Ni mmoja wa watu waliobuni wazo la kompyuta, na mwaka 1952 nchi yake ilimhukumu kwa kulala na mwanamume mwenzake. Alifariki miaka miwili baadaye. Alisamehewa rasmi mwaka 2013, wakati hakuwepo tena wa kuupokea huo msamaha.

Sasa geuza ukurasa. Ian McKellen, ambaye amekuwa wazi kuhusu ushoga wake tangu 1988, aliteuliwa kwa Gods and Monsters alipoigiza mwongozaji James Whale. Oscar haikuja. Colman Domingo, ambaye pia yuko wazi, aliteuliwa kwa Rustin ya 2023 alipoigiza Bayard Rustin, yule aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya mwaka 1963. Oscar haikuja vilevile.

Unaona hesabu inavyokaa? Wanaume watatu wasio mashoga wamebeba sanamu za dhahabu kwa kuigiza mashoga. Kwa miaka mingi mwigizaji shoga akijitangaza, simu ilinyamaza: hapewi mume, hapewi shujaa, na hata akitafutwa mtu wa kuigiza shoga, nafasi inamwendea jamaa mwingine anayesifiwa kwa ujasiri. Hapo ndipo kilio kilipo. Mwaka 2022 Hanks mwenyewe aliambia New York Times kwamba siku hizi mtu kama yeye hangeweza kupewa nafasi ile ya Philadelphia, na kwamba ni sawa iwe hivyo.

LAKINI SI KUIGIZA NI KUIGIZA?

Najua unachosema. Kuigiza ni kujifanya usiye, na hakuna nchi inayojua hilo kuliko Kenya.

Mzee Ojwang wa Vitimbi, aliyetuongelesha kwa lafudhi ya Kijaluo kwa miongo kadhaa, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015 taifa zima lililia. Flaqo akijifunga leso anakuwa Mama Otis na wewe unaona mama yako kabisa, pamoja na ile kandambili inayokuja ikipaa. Crazy Kennar naye anaingia kwa nguo za kike na hakuna anayeuliza maswali. Forest Whitaker, Mmarekani, alijifunza Kiswahili ili awe Idi Amin na akashinda Oscar. Naomie Harris wa London ndiye aliyeigiza Mwalimu Jane Obinchu katika The First Grader, filamu ya mzee wetu Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84.

Hoja hiyo ina uzito na siitupi. Ila tazama tofauti. Wakati Ojwang anatuchekesha, Mjaluo halisi hakuhitaji kuficha kwamba ni Mjaluo ndipo aajiriwe kuigiza. Angeingia kwa mlango uleule, kwa jina lake. Ndiyo maana hatukuwa na ugomvi na Ojwang. Mtu akiigiza wewe huku nawe una ruhusa ya kuigiza, huo ni mchezo. Akiigiza wewe huku wewe umefungiwa nje, hiyo ni habari nyingine.

HAPA KWETU SASA

Na hapa ndipo swali linapopinduka. Huko nje wanasema: mpe nafasi mwigizaji shoga. Sawa. Umtafute wapi Kenya? Utaandika kwenye tangazo kwamba anayetuma video aseme analala na nani?

Vifungu 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu bado viko pale, kifungo ni hadi miaka 14. Mei 24, 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta. Hiyo ilikuwa siku tatu baada ya Binyavanga kufariki. Sheria inalenga tendo, lakini mtaani hakuna anayekaa chini kutofautisha tendo na mtu. Landilodi hasomi vifungu.

Filamu zenyewe zimepita kwenye moto. Mwaka 2014 kikundi cha The Nest cha Nairobi kilitoa Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu. Hiyo si hadithi ya kutunga kutoka hewani. Walizunguka kwanza wakirekodi simulizi za Wakenya wenyewe, kisha wakazigeuza kuwa filamu fupi tano, nyeusi na nyeupe. Ilipoanza kuonyeshwa Toronto walikuwa wameficha majina yao, halafu watatu kati yao wakaamua kujitaja. Oktoba mwaka huo Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ikaipiga marufuku. Mtayarishaji George Gachara akakamatwa na kushtakiwa kwa kupiga filamu bila leseni. Kesi hiyo baadaye iliondolewa.

Kisha Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018. Hii si wasifu wa mtu, imetokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia orodha rasmi ya tamasha la Cannes, na kabla haijafika huko KFCB ilikuwa imeshaipiga marufuku hapa nyumbani. Kahiu alisema aliambiwa abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakajaza ukumbi wa Prestige pale Ngong Road. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena na ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, akachaguliwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou.

Sasa nikuulize: Samantha na mwenzake Sheila Munyiva, wao wenyewe wanapenda nani? Sijui kwa nini ungetaka kujua, na si kazi yangu kukuambia. Walifanya kazi. Kazi ikashinda tuzo. Jibu la swali hilo lingewaongezea nini, zaidi ya watu wa kuwafuata nyuma mtaani?

Halafu kuna ile njia ya tatu, mtu kujicheza mwenyewe. Peter Murimi alimfuata kijana mmoja kwa miaka mitano na kutengeneza I Am Samuel, iliyotoka 2020. Hakuna mwigizaji pale. Ni Samuel, mpenzi wake Alex, na wazazi wake kijijini magharibi mwa Kenya, baba akiwa mhubiri. Ukitaka uhalisi, huwezi kupata zaidi ya huo. Septemba 2021 KFCB ikaipiga marufuku hiyo pia. Na Samuel hawezi kuvua uhusika akirudi nyumbani, maana hakuuvaa.

STORI YA STEJI YA MALILI

Nikupe mfano mdogo ambao hautafika gazetini kwa njia nyingine. Kuna kijana hapa, ana miaka 24, mchana anaendesha nduthi na jioni anarekodi vichekesho vya simu na wenzake. Wanafunzi fulani wa filamu kutoka Nairobi walimpa nafasi katika filamu fupi: shilingi elfu tatu kwa siku mbili. Uhusika ulikuwa wa kijana anayerudi kijijini kumzika rafiki, na unaelewa polepole kwamba walikuwa zaidi ya marafiki. Mistari yenyewe ilikuwa haizidi ishirini. Hakuna busu, hakuna kitanda.

Alifurahi, akawaonyesha wenzake wa steji mswada. Habari ikafika nyumbani kabla yake. Mwaitu hakuuliza filamu inahusu nini. Aliuliza, "Kwani wewe pia ni wao?" Kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa mtu akatuma kikaragosi cha kucheka, wa pili akatuma cha kuomba. Jumatatu kijana akarudisha mswada.

Miezi miwili baadaye akapata nafasi nyingine, mwizi wa pikipiki anayemchoma mteja kisu. Steji nzima ilimpigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mamake kama mwanawe anaiba nduthi.

Umeona? Hatuna tatizo la kuelewa kwamba kuigiza ni kuigiza. Tunaelewa vizuri sana. Tumeamua tu kwamba kuna uhusika mmoja ambao sheria hiyo haifanyi kazi. Muuaji ni mwigizaji, mchawi ni mwigizaji, mume mwenye wake wanne ni mwigizaji. Shoga peke yake ndiye ushahidi.

Na sasa fikiria mbele kidogo. Huyu kijana alirudisha mswada na baada ya wiki mbili mambo yakapoa. Je, angekuwa kweli ni shoga, na amenyamaza miaka yote? Ule mswada ungekuwa mkononi mwake kama kaa la moto. Akiukubali, anaogopa atajulikana. Akiukataa, anakataa nafasi pekee ya kusema jambo analolijua kuliko yeyote. Na hata akiurudisha, lile swali la mamake atalala nalo.

Ndiyo maana nasema kanuni ya "cheza kile ulicho tu" haiwezi kuletwa hapa ilivyo. Hollywood inaweza kufungua milango. Hapa ingegeuza kila uhusika kuwa ungamo. Ukikubali sehemu ya shoga, umetangaza. Mwigizaji asiye shoga anayechukua uhusika huo, akaufanya kwa heshima, na akakataa kujitetea, anawafanyia wengine jambo kubwa. Akiulizwa "kwani wewe pia ni wao?" ajibu tu, "Mimi ni mwigizaji." Jibu hilo likisemwa na watu kumi, hamsini, mia moja, litawafunika hata wale ambao hawawezi kusema zaidi ya hapo. Lakini yule anayekimbilia kila redio kuapa, "Mimi si hivyo, nina mke, nina watoto," amewaacha wenzake uchi. Kila akiapa, anayenyamaza anaonekana amekiri.

TATIZO HUWA KWENYE KARATASI

Kuna jambo lingine ambalo watu huruka wakibishana kuhusu sura ya mwigizaji. Filamu ya maisha ya mtu huharibika kwanza kwenye mswada.

Rudi kwa Freddie. Malek aliiga mwendo, meno, hata namna ya kushika kipaza sauti. Lakini mswada ulipanga mambo upya. Ndani ya filamu, Freddie anawaambia wenzake kwamba ana virusi kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985. Katika simulizi za waliokuwa karibu naye, aligunduliwa mwaka 1987. Kwa nini isogezwe? Kwa sababu inanoga: ugonjwa unakuja kama adhabu ya maisha yake na wanaume, halafu jukwaa linamsafisha. Hata ungempa uhusika huo mwigizaji shoga kutoka Stone Town yenyewe, bado angekuwa anasoma mistari ileile.

Zanzibar nayo ina kigugumizi chake. Mwaka 2006 kikundi cha Uamsho kilipinga sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, na ikafutwa. Mwaka 2019 yakafunguliwa makumbusho yake hapo hapo Stone Town, na watalii wanalipa kuingia. Kisiwa kinamtaka mwimbaji, hakimtaki mtu. Filamu nyingi hufanya hivyo hivyo.

Na usifikiri sisi ni wasafi. Hesabu vichekesho vya simu ulivyoona mwezi huu vyenye shoga ndani. Mkono umelegea, sauti imepanda juu, lipstiki imepakwa mpaka shavuni, na mwisho anapigwa watu wanacheka. Hivyo havipigwi marufuku. Havihitaji jaji. Shida huanza siku mhusika anapopewa jina, mama, kazi na sababu ya kulia. Yaani akicheza chizi, ruhusa. Akicheza mtu, marufuku.

KWA HIVYO UFANYE NINI?

Msimamo wangu ni huu: Binyavanga achezwe na yeyote anayeweza kumbeba. Lakini kama uhusika wa aina hiyo utakuja kwako, hapa Malili, Wote, Kitengela ama popote, kabla ya kusema ndiyo uliza mambo manne.

Kwanza, hadithi ni ya nani, na wenyewe wameulizwa? The Nest walianza na masikio kabla ya kamera. Kama waandishi hawajawahi kuketi na mtu hata mmoja aliyeishi maisha hayo, wanaandika uvumi. Na waliotoa simulizi zao walipwe na walindwe, majina yao yasivuje kwa karatasi za ofisini.

Pili, kuna leseni na mkataba? Kesi ya Gachara ilikuwa ya leseni. Penye filamu isiyopendwa, karatasi moja iliyokosekana ndiyo inayotumika. Mkataba useme filamu itaonyeshwa wapi na jina lako litaandikwa vipi. Una haki ya kutumia jina la kisanii.

Tatu, waongozaji wamepanga nini kwa ajili yako baada ya kamera kuzimwa? Wao watapanda gari warudi Nairobi ama waende tamasha Ulaya. Wewe utabaki steji. Kama hawana jibu, hizo elfu tatu ni kidogo sana.

Nne, wewe mwenyewe uko tayari kutojitetea? Kama unajua utachukua doo kisha uende redioni kuwatukana watu uliowaigiza, tafadhali wape nafasi hiyo wengine. Mwizi wa nduthi bado anatafutwa.

Na wewe ambaye si mwigizaji, wewe wa kibanda cha video na wa kundi la WhatsApp, una kazi pia, na yako ni rahisi kuliko zote. Jirani yako akitokea kwenye skrini akiwa shoga, muulize kile ulichomuuliza alipokuwa mwizi: ulijifunza vipi kulia vile, na sehemu ya pili inatoka lini?